Utukufu wa Mba

Miaka 1,600 hivi iliyopita, huko Kurene, katika nchi ambayo leo ni Libya, bwana mmoja aitwaye Synesius alichoshwa na watu waliotukuza nywele. Mgiriki aliyemtangulia, Dio, alikuwa ameandika insha ya kuzisifu. Synesius, ambaye zake zilikuwa zinamtoroka, akajibu kwa kuandika sifa za upara: kwamba kichwa kisicho na nywele ni duara kamili, na kwa hiyo kimefanana na jua na mwezi. Baadaye akafanywa askofu, kwa sababu nyingine nadhani. Basi nywele zina wakili na upara una wakili. Mba, unaoishi na wote wawili bila ubaguzi, haujawahi kupata hata mtu wa kuusimamia kesi ya ugoni. Mimi mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, nimejitolea.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada. Mwaka 1874 Mfaransa Louis-Charles Malassez aliweka unga wa kichwani chini ya hadubini akaona vijifangasi, na ukoo wao ukaja kupewa jina lake: Malassezia. Jina lenye heshima hilo, ukilitaja taratibu unaweza kudhani ni la mgeni rasmi. Fangasi hawa wanaishi kwenye ngozi ya karibu kila binadamu tangu akiwa mchanga. Wapo kwa mkurugenzi wa Masaki, wapo kwa mbeba zege wa Tandale, na hawajawahi kuuliza nani analipa kodi ya pango kwa mwezi na nani kwa miezi sita. Kwa hiyo yule dada anayeficha kitana chake ili asiambukizwe mba amechelewa kwa muda mrefu sana. Mba hauambukizi. Mpangaji wake alihamia kichwani kabla dada hajaota meno.

Na ni mpangaji asiye na makuu. Mwaka 2007 wanasayansi walipozisoma jeni za mmoja wa fangasi hawa, walikuta hana kabisa ile ya kujitengenezea mafuta mwilini. Hawezi kujipikia. Anakula yale tu yanayotoka kwenye vinyweleo vyetu, anayavunjavunja, anachukua anachokitaka na kuacha nyuma tindikali iitwayo oleiki. Karibu nusu ya watu wazima ngozi zao haziivumilii. Ngozi ya kichwa, ambayo kwa kawaida hujibadilisha kwa utulivu katika muda wa mwezi hivi, inashikwa na haraka: chembe mpya zinasukumwa juu kabla hazijakomaa, zingali zimeng'ang'aniana, na zinadondoka kwa mapande makubwa yanayoonekana kwa macho. Hicho ndicho kilichoko begani kwako. Mji huu umejaa watu wanaolalamikia uvivu wa vijana, na juu ya vichwa vyao wenyewe kuna kiwanda kisicho na sikukuu.

Mba una adabu ya umri pia. Mtoto mchanga huonjeshwa kidogo, magamba yale ya utosini, kwa kuwa homoni za mama bado zinaziamsha tezi zake za mafuta. Kisha tezi zinalala, na mtoto anaachwa asome kwa amani mpaka balehe. Ndiyo maana mba humkuta mtu hasa pale anapoanza kununua manukato.

Sasa tuzungumzie ukarimu, ambao kwa kweli ni wetu. Pita sokoni Tandika uangalie meza za mafuta: nazi, nyonyo, mzaituni, mlonge, habasoda, na ile chupa isiyo na lebo ambayo muuzaji anasema ni mchanganyiko wa yote. Hesabu ya mnunuzi ni hii: kichwa kinatoka magamba, kwa hiyo kimekauka, kwa hiyo kinahitaji mafuta. Ni hesabu nzuri yenye kosa mwanzoni. Nywele zetu za kipilipili zimejisokota, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayawezi kuteleza mpaka ncha. Yanabaki chini. Nywele zinakauka juu huku ngozi inaogelea, na sisi tunatazama juu na kutoa hukumu ya chini. Tunakilainisha kichwa kila jioni, na mpangaji anashukuru kila jioni. Anayepaka ya mzaituni anashukuriwa zaidi, maana sehemu kubwa ya mafuta yale ni oleiki yenyewe; fangasi akiyavunja, ngozi inapata kilekile inachokilalamikia. Mafuta ya mgando hawezi kuyala, hilo nampa aliyeyagundua. Ila yanagandisha unga usidondoke, na mgonjwa, akiona bega safi, anatangaza kwamba amepona.

Ukavu wa kweli upo, na huku kwetu unajulikana chanzo chake. Ambako bomba la DAWASA halijafika, au linafika kwa zamu, watu wanaoga maji ya kisima, na visima vingi vya mji huu vina chumvi. Sabuni haitoi povu, unaongeza sabuni, bado haitoi, unakata tamaa na kusuuza. Kilichobaki kinakaa kwenye ngozi. Ongeza sabuni ya mche, ambayo ilikusudiwa mashuka, ukijisugua nayo utosini. Kichwa hicho kitawasha bila kosa la fangasi yeyote. Namna ya kutofautisha si ngumu: kichwa kikavu hutoa unga mdogo, mweupe, usionata, na mara nyingi mikono na miguu nayo inakuwa na mikwaruzo myeupe ukijikuna. Mba hutoa magamba makubwa zaidi, yenye unjano kidogo, yanayonata kwenye ukucha. Kikavu ndicho kinachofaa kupunguziwa sabuni na kupakwa kitu cha kulainisha. Mtu anayechanganya hivi viwili anaweza kutumia mshahara wa miezi kwenye meza za Tandika, na wauzaji wana watoto wanaosoma, sitaki kuwaharibia.

Lakini sifa kubwa ya mba iko kibarazani. Niambie ni kitu gani kingine, katika mji wa watu wanaokimbilia mwendokasi alfajiri na kurudi usiku, kinachoweza kumfanya mtu mzima amwekee mwenzake kichwa chake magotini kwa saa nzima. Jumapili alasiri, nyumba ya Kiswahili, mkeka umetandikwa. Mmoja kakaa kwenye kigoda, mwingine kakaa chini katikati ya magoti yake, shingo imeinama. Mkia wa kitana unafungua njia, unakwangua taratibu, unga unapulizwa, kidole kinapitisha mafuta (ndiyo, yaleyale), inafunguliwa njia nyingine. Hawaonani nyuso, na hapo ndipo maneno yanapotoka. Mkopo wa kausha damu unatajwa hapo kwa mara ya kwanza, kabla hata mume hajajua. Mume mwenyewe, na kile kiwanja alichonunua Chanika kwa jina lisilo la mkewe, anajadiliwa hapo. Aliyekaa magotini hawezi kukasirika na kuondoka, maana nusu ya kichwa iko wazi na nusu imefungwa. Nimeona mashoga waliogombana kwa ajili ya mchezo wa kikoba wakirudiana kwa sababu mmoja kichwa kilikuwa kinamwasha na hakuna mwingine pale uani mwenye mkono mwepesi. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa ameshindwa.

Tazama pia kipaji cha ubunifu ambacho mba umetuletea. Dada aliyesukwa rasta juzi, zimekazwa mpaka nyusi zimepanda, hawezi kuingiza kucha. Basi anajipiga. Kwenye daladala la Mbagala, amesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine unatwanga kichwa, pa, pa, pa, uso umetulia kabisa. Mgeni wa mji angedhani anajiadhibu kwa dhambi fulani. Wengine wana vifaa: mfuniko wa biro, sindano ya kufumia, njiti ya kiberiti iliyokwishawashwa. Rasta hiyohiyo ikikaa miezi mitatu kwa kuwa ilikuwa ghali, mba ulio chini yake unapata paa na kivuli, na msusi siku ya kufumua anakuta akiba ya robo mwaka.

Halafu kuna ile siku moja kabla ya kuweka dawa. Kila mwanamke aliyelainisha nywele anajua kwamba ngozi iliyokunwa haipaswi kukutana na dawa, maana dawa ile ni kemikali kali inayounguza penye mchubuko. Na kila mmoja anajua kwamba kichwa hakijawahi kuwasha kama kinavyowasha usiku wa kuamkia saluni.

"Dada, umejikuna?"

"Sijajikuna mimi."

"Haya. Ikianza kuchoma uniambie mapema."

Mteja anakaa kimya huku machozi yanamlenga, kwa sababu akisema inachoma atakuwa amekiri. Uvumilivu wa namna hii watu huufuata mbali. Sisi tunaupata Kinondoni kwa bei ya saluni ya kawaida.

Wanaume nao wasijifanye hawamo, maana mba huwapata wao zaidi. Kwa vinyozi wa Sinza na Mwananyamala mtu ananyolewa kwa dakika chache, kisha anahamishiwa kiti cha pili ambako binti mwenye kitaulo cha moto anamkanda kichwa, anamsugua na kumpaka, na bosi amefumba macho. Akiulizwa nyumbani mbona kunyoa kumechukua saa mbili, anajibu: mba. Hakuna ugonjwa wenye stakabadhi nzuri kama hiyo.

Wahenga wetu wa pwani, nadhani, waliliona hili mapema wakashona kanzu nyeupe. Begani mwa kanzu mba hauonekani. Mtu anaswalisha, anaozesha, anasuluhisha, na heshima yake iko palepale. Ilipokuja suti nyeusi ndipo fedheha ilipoanza. Kamati ya harusi yenye busara ingechagua sare ya rangi ya maziwa, lakini kamati za harusi huchagua nyeusi na dhahabu, na picha zinatoka zikiwa na nyota ambazo mpiga picha hakuzilipiwa.

Hapa lazima nivue joho la wakili kidogo, kwa kuwa wapo matapeli wanaotumia jina la mteja wangu. Mtoto wa shule ya msingi mwenye mabaka ya duara kichwani, nywele zimekatika na magamba yamejaa, hana mba. Ana mapunye. Huyo ni fangasi mwingine, na huyu anaambukiza kwelikweli: kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa, kwa kofia, kwa kitana. Abiria wa bodaboda wanaokataa helmeti iliyokwishavaliwa na watu kumi asubuhi hiyo wana hoja ya haki, ingawa lami ina hoja nzito zaidi. Kitambaa chepesi chini ya helmeti kinamaliza ubishi. Mapunye yameingia ndani ya unywele, kwa hiyo dawa ya kupaka peke yake haiyafikii. Yanahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, na vidonge hivyo ni vya kuandikiwa. Halafu kuna ule mba mkali unaomlipukia mtu ghafla, ukashuka kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio hadi kifuani. Wengi wenye hali hiyo hawana tatizo lingine lolote, ila huwatokea zaidi wale ambao kinga ya mwili imeshuka, wakiwemo wenye VVU ambao hawajaanza dawa. Kupima katika vituo vya serikali ni bure. Hospitali za rufaa za Temeke na Mwananyamala haziko mbali, na nchi hii ina watu waliosomea ngozi: kule KCMC Moshi kuna kituo kinachowafundisha tangu mwaka 1992. Aende huko badala ya kwenda kwa yule jirani wa ndimu. Ndimu kichwani, halafu jua la saa saba la Dar es Salaam, hutoa malengelenge na madoa meusi, na mba unabaki ukitazama.

Nikishavaa tena joho, nimtaje adui, maana shujaa hupimwa kwa adui yake. Anaitwa ketokonazo, alitengenezwa Ubelgiji miaka ya 1970 na kampuni ya Janssen, na anauzwa famasi akiwa kwenye chupa ya shampuu ya asilimia 2. Kuna mwenzake mzee zaidi, seleniamu salfaidi, mwenye harufu ya kiberiti. Wote wawili wanamuua mpangaji, na mba unajua hivyo. Ila unajua pia tabia zetu. Dawa inatakiwa ipakwe kwenye ngozi, kati ya njia na njia kama umesuka, ikae dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Mwenye nywele kavu kama zetu anaweza kutosheka na mara moja kwa wiki, na kupaka mafuta yake kwenye nywele zenyewe, mbali na ngozi. Sisi tunaipaka juu ya nywele, tunahesabu mpaka kumi kwa kuwa kuna foleni ya bafu na mama mwenye nyumba anagonga mlango, tunasuuza. Wiki ya pili mwasho unapungua, chupa inapewa mdogo wake na mama, na kichwa kinarudi kwenye nazi.

Hata aliyefuata kila kitu hajaumaliza. Fangasi ni wa kwake tangu uchanga, hafukuziki moja kwa moja. Anapunguzwa tu, na ili abaki amepungua, shampuu inatakiwa irudie kichwani kila baada ya wiki moja au mbili. Anayeacha kabisa ataukuta mba umerudi, na kwa uzoefu wa mtaa wetu hupenda kurudi wiki ya sendofu, wakati sare nyeusi imekwishalipiwa.