Bolti Hukatikia Kwenye Bei

Bolti ikikatika katika gereji za Lubumbashi, maelezo huwa mawili tu. Mwenye gari husema fundi ni mjinga. Fundi husema gari ni kuukuu. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanamwachia huru mtuhumiwa halisi, ambaye kwa maoni yangu ni bei. Bolti haikatiki saa ile fundi amelala chini ya injini akitoa jasho. Imekatika zamani, asubuhi, wawili hao walipokuwa wamesimama kando ya gari wakipatana. Mmoja alitaja bei, mwingine akacheka kwa uchungu, wakakutana katikati. Spea haikupungua bei, kwa sababu duka la spea halijui huruma. Ujuzi wa fundi haukupungua pia, kwa sababu hauna kipimo. Kilichokatwa ni muda, na bolti yenye kutu haina adui mwingine zaidi ya mtu asiye na muda.

Ushahidi uko kwenye kutu yenyewe. Kutu hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo kati ya meno ya bolti na meno ya nati hapabaki hata njia ya sisimizi. Na kutu hii wala si ya hapa. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote, na kiangazi chetu huchukua miezi kadhaa bila mvua ya maana. Chuma kingeweza kustaafu huku kwa raha. Lakini magari yetu yalizeekea kwanza kwa watu wengine, Ulaya au Japani, katika nchi ambazo majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Yanavuka bahari, yanashushwa Dar es Salaam au Durban, yanapanda hadi mpakani Kasumbalesa, na pale forodhani hulipiwa kila kitu isipokuwa chumvi.

Sasa tazama hesabu ya nguvu. Bolti ndogo yenye kipenyo cha milimita 6, ile ambayo kichwa chake huvaa spana ya 10, kwa kawaida hukazwa kwa takriban niutoni-mita 10. Hiyo ni sawa na kilo moja ikining'inia mwisho wa mpini wa mita moja. Fundi anayedaiwa gari kabla ya jua kutua huchomeka spana kwenye bomba la maji la mita moja, kisha huliegemea kwa uzito wake wote. Kama ana kilo 70, bolti imepewa mara sabini ya ilichozoea. Kichwa hutoka kwa sauti fupi, tak, na gereji nzima hunyamaza kama watu waliosikia sahani ya mgeni ikivunjika jikoni. Hapo ndipo hutolewa kile chuma cha kung'olea vipande, chenye meno ya kinyume. Kimefanywa kigumu sana, na kwa ugumu huo huo hukatika kirahisi kikipindwa. Kikikatikia ndani ya bolti iliyokatika, hata keekee ya kawaida haikitoboi, na kichwa cha injini kinafunguliwa kizima ili kipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma. Kazi ya saa moja imekuwa kazi ya juma, kwa bei ile ile iliyopatanwa asubuhi.

Dawa zenyewe zinajulikana mjini kote, kutoka Katuba hadi Ruashi. Hakuna fundi anayehitaji kufundishwa. Safisha kutu ya juu kwa brashi ya waya. Mwagia mafuta ya kupenya, au mazutu, yaani dizeli, kama mfuko ni mwepesi, na uache usiku kucha. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ili kutu ipasuke na mafuta yapate mlango. Tumia soketi ya pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha tu na kukiviringisha kichwa. Ikikataa, ipashe nati moto: ikipanda nyuzi 300, nati ya milimita 10 hutanuka kwa kiasi kisichofika unene wa unywele, lakini kutu haihitaji zaidi ya hapo ili iachie. Ikishakatika, chomelea nati mpya juu ya kisiki kilichobaki. Joto la kuchomelea na mshiko mpya hufanya kazi kwa pamoja. Na kabla ya kufungua, kaza kidogo kwanza. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayovunja urafiki, kwa sababu mteja amesimama palepale akitazama. «Fundi, sasa unakaza tena? Tulipatana kufungua!» «Papa, ngojaka kidogo.» Papa hangoji. Anaangalia saa, fundi anaangalia bomba.

Kuna watakaosema kwamba fundi akilipwa muda atalala chini ya gari na kudai usingizi wake kama saa za kazi. Hoja hii ina uzito, na chini ya magari kuna kivuli kizuri. Lakini sidai fundi alipwe kwa saa. Nadai gari lifike gereji jioni badala ya asubuhi, mafuta yamwagwe, watu waende kulala. Usiku ule hakuna anayelipwa, na mafuta yanafanya kazi bila kula wala kudai nauli. Mwingine atasema bolti hukatika hata huko Ulaya, kwenye gereji zenye vifaa vyote. Kweli, na huko anayelipia saa za kuing'oa ni mwenye gari, si fundi, kwa hiyo hakuna haja ya bomba.

Hoja nzito zaidi ni ya dereva wa taksi-basi. Kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye Hiace, gari liwe limetembea au limelala. Kumwambia asubiri mazutu yapenye ni kumwambia mkewe apike mvuke. Nakubali kabisa, na simlaumu akililia haraka. Ila yeye ndiye anayeumia zaidi bolti ikikatika, kwa kuwa hesabu ya siku moja inageuka ya wiki nzima. Tena hata taksi-basi ina Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi, wakati abiria wengi wako kanisani. Bolti iloweshwe kabla ya ibada. Ikisikia sala nayo haidhuriki.

Linalonisumbua ni wakati wa kurudisha bolti mahali pake. Ipo grisi yenye unga wa shaba, inayopakwa kwenye meno ya bolti ili isishikwe na kutu tena. Katika mji huu ambao shaba imeyeyushwa tangu 1911, grisi hiyo hutujia katika tyubu ndogo kutoka ng'ambo, na kila aulizaye bei yake hushtuka. Fundi akiipaka leo, faida yake itaonekana baada ya miaka mitatu, kwa fundi mwingine, pengine yule wa mtaa wa pili anayemnyang'anya wateja. Mwenye gari naye atakuwa ameshaliuza. Kwa hiyo wote wawili, bila kuambiana neno, hukubaliana kuwa haina haja.