Shangazi Mtetea Anajibu: Vifaranga Watoke Lini?

Wasomaji wangu, wiki hii barua zote zinanuka maranda. Nimechagua nne, waliobaki wataona majibu yao humuhumu.

*Shangazi, shikamoo. Vifaranga wangu wa wiki tatu wanaishi sebuleni, kwenye boksi nyuma ya kochi. Mume wangu analalamika kuwa haisikii taarifa ya habari kwa kelele zao. Ametoa kauli: Jumamosi ama watoke wao, ama atoke yeye. Nifanyeje?*
Njia Panda, Makambako

Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa tuko Julai na wewe uko Makambako, atoke yeye. Ana koti, ana kofia, na kwa mama yake bado wanamtambua.

Vifaranga wako bado wamevaa malaika, na malaika hayazuii baridi ya nyanda za juu. Wiki ya kwanza walihitaji joto la nyuzi 33 hadi 35, na kila wiki linapungua kama nyuzi 3. Kwa hesabu hiyo sasa wanataka nyuzi 27 hivi, ambazo usiku huko kwenu hata huyo bwana chini ya blanketi anazitafuta. Ngoja manyoya kamili yafunike mgongo, kifua na chini ya mabawa. Kwenye joto huchukua wiki nne au tano. Kwa baridi yenu hesabu sita hadi nane kabla hawajalala bandani bila taa.

Ukitaka kuokoa ndoa, wahamishie stoo kwenye maranda makavu na taa yao. Ila usiwawekee jiko la mkaa ukafunga mlango. Hewa yake huua vifaranga, na huua hata wenye nyumba.

*Shangazi, mimi ni kapera. Nina vifaranga wa wiki ya sita na nimewawashia taa usiku na mchana, maana nikiufikiria upepo roho inaniuma. Siku hizi wanakaa kwenye pembe za banda mbali na taa, wanahema midomo wazi, na wameanza kudonoana mikia. Je, wamenichukia?*
Baba Mlezi, Mbagala

Baba Mlezi, hawajakuchukia. Unawabanika, tena kwa umeme wa LUKU.

Kifaranga hafichi hali yake. Wakirundikana chini ya taa wakipiga kelele, wana baridi. Wakiikimbia taa na kuhema, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika banda zima, huyu anakula, yule amelala, wako sawasawa. Wako wamekwisha kukuandikia barua. Wewe ukaniandikia mimi.

Zima taa mchana, kisha usiku. Halafu watoe nje saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Siku ya kwanza saa moja inatosha, uongeze kidogokidogo, na jioni warudi ndani kabla jua halijazama. Mvua ikinyesha hakuna kutoka, kwani kifaranga aliyelowa hupoa upesi hata Mbagala. Na usiwachanganye na kuku wako wakubwa: watawadonoa, na watawagawia magonjwa ambayo wao wenyewe wameyazoea.

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe wangu ananicheka. Anasema kuku wake hutoka na watoto siku ya pili tu wakichakura uwanjani, mimi nimewafungia wangu wa kununua mwezi mzima utadhani wari. Nani ana haki?*
Mkwe Mwema, Singida

Marahaba. Kwanza, mkwe wa Singida habishani na mama mkwe juu ya kuku. Ni mji wenye sifa yake.

Pili, hesabu ya mama ina kuku mzima ndani yake. Mtetea anatembea na joto: watoto wakipoa wanaingia chini ya mabawa, wakipata moto wanatoka tena. Hatari ikipita juu, anatoa mlio mmoja na wote wanajificha. Wako wametoka kwenye mashine ya kutotolesha, na hakuna mashine iliyowahi kukimbiza paka.

Hata hivyo, muulize mama vifaranga wangapi walitoka kwenye mayai na wangapi walifika kuwa kuku. Uliza kwa heshima, na usiulize akiwa na mwiko mkononi. Wengi wanaopotea huondoka wiki za mwanzo, kwa baridi, nguchiro na mwewe. Hata wenye mama hufaidika wakiwekwa chini ya tenga mpaka wapate nguvu.

*Mheshimiwa Shangazi, mimi ni jirani mwema, nakaa juu ya mwembe. Naomba kujua ratiba ya vifaranga kutoka nje, hasa wale wasio na mama. Nauliza tu.*
Mpenda Watoto, Morogoro

Bwana Mwewe, mwandiko wako naujua. Ratiba ipo, ila watatokea ndani ya uzio wenye wavu juu, wenye kivuli na maji. Usiku watalala kwenye banda lililoinuliwa, lenye waya wa matundu madogo, ili na rafiki yako kicheche naye asihangaike. Kakamate panya.

Hukumu yangu kwa wote: msiulize kifaranga ana wiki ngapi tu; mwangalieni manyoya, mwangalie na hali ya hewa ya mnakoishi. Mwenye manyoya nusu abaki ndani hata kama mume kanuna, na mwenye manyoya kamili atoke hata kama mlezi analia. Na kabla hajakanyaga nje awe amepata chanjo ya mdondo. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu, na mdondo ukishaingia bandani hauna dawa.