Mayai ya Shangazi

Shangazi hakupiga simu kulalamika. Alipiga kuniuliza kama nina chumvi.

"Shikamoo shangazi. Chumvi ya nini?"

"Marahaba. Njoo nayo tu, mura. Mayai yako yameiva."

Trei mbili, mayai 60, na ulikuwa usiku wa kwanza tu kati ya siku 21. Nilipofika, kipimajoto ndani ya mashine kilisoma nyuzi 71. Kifaranga anataka 37.5.

Mashine ya kutotolesha niliitengeneza mwenyewe hapa Sirari: sanduku la mbao, balbu mbili, feni ya kompyuta mbovu, transfoma ya redio iliyokufa, na bodi niliyoichora kwa mkono wangu. Ubongo wake ni chipu ya ATmega328P. Programu niliihangaikia wiki tatu. Sakiti ya riseti, ile ya kuishikilia chipu isianze kazi mpaka umeme utulie, niliipa dakika tano: rezista ya kiloomu 10, kapasita ya maikrofaradi 10, basi. Zidisha, unapata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mezani kwangu, kila nikichomeka plagi, chipu iliamka vizuri kama askari.

Ila mezani nilikuwa nachomeka plagi. Kwa shangazi ilinyesha mvua. Umeme ukakatika, kisha ukarudi mdogo mdogo, balbu ya sebuleni nyekundu kama jicho la mtu aliyekesha kilabuni. Volti zikapanda kwa kujivuta, na kapasita ikajaa sambamba nazo, haikuchelewesha chochote. Kwa kasi ya megahezi 16 chipu ile inahitaji karibu volti 3.8 ili iwe na akili timamu. Iliamshwa kabla hazijafika.

Umewahi kumwona abiria wa basi la usiku konda anapopiga kelele "Sirari, mwisho wa gari"? Anashuka macho yamefumba, na begi la mwenzake mkononi. Ndivyo chipu yangu ilivyofanya. Iliwasha balbu, ikaganda hapo hapo. Umeme ulipokaa sawa, balbu zikawaka kwa nguvu zote na hakukuwa na wa kuzizima.

Nikaongeza dayodi ili kapasita imwage chaji upesi umeme ukikatika. Nikashinda jioni nzima nikizima na kuwasha swichi kuu, hadi jirani akaja kuuliza kama nawapa ishara watu wa Isebania. Dayodi ilisaidia umeme ukikatika kidogo na kurudi. Ukirudi kwa kujivuta, kichaa kilekile.

Nilishapanga kuvuka mpaka, nipande basi la Nairobi nikatafute chipu maalumu ya kulinda riseti. Usiku huo nikasoma maelezo ya chipu yangu, safari hii bila kurukaruka kurasa. Mlinzi yumo humo humo ndani. Ukimpangia volti 4.3, haiachii chipu chini ya hapo. Kiwandani hutoka amezimwa. Kumwasha hakukunigharimu hata senti.

Sasa mashine inafanya kazi barabara. Iko chini ya meza yangu, inatunza nyuzi 37.5 za hewa tupu, kwa sababu shangazi hataki kuiona. Yeye ana matetea watatu wanaoatamia nyuma ya jiko, na hawachomekwi popote.