Sifa za Jar Iliyosahaulika

Wanaosifu asali na mvua za masika wana wenzao. Mimi nasimama kuisifu jar kuukuu, ile tuliyoiacha kwenye folda ya lib siku tuliyotangaza kwamba tumehamia toleo jipya.

Kwanza, inaheshimu foleni. Java inapotafuta klasi kwenye jar ulizoiorodheshea, haiulizi ipi mpya wala ipi bora. Huanza mwanzo wa orodha, na ya kwanza yenye jina hilo ndiyo huchukuliwa. Aliyetangulia katangulia: hesabu-1.2.jar ikikaa mbele, hesabu-2.0.jar itangoja mpaka kiama. Na ukiandika lib/* kwa uvivu, Java haikuahidi mpangilio wowote. Kwenye laptopu yako itatangulia hii, kwenye seva ile.

Pili, ina haya. Kompaila imeona toleo jipya tu, majaribio yamepita, tumepongezana. Ndipo saa nne usiku inapokohoa: NoSuchMethodError. Nafungua msimbo, metodi hiyo hapo, naiona kwa macho yangu mawili! Usiku ule nilimlaumu mwenzangu, nikaulaumu mtandao, mwisho nikajilaumu mwenyewe. Hakuna mahubiri yaliyowahi kuninyenyekeza kiasi hicho.

Tatu, inafundisha. Bila yake nisingejua kwamba klasi huulizwa kwao ni wapi:

Hesabu.class.getProtectionDomain().getCodeSource().getLocation()

Nikachapisha jibu, likaja bila kupepesa: file:/opt/app/lib/hesabu-1.2.jar. Nisingejua pia kwamba String na wenzake wa ndani ya Java hawadaiwi kitambulisho: getCodeSource() yao hurudisha null, na ukikazana kuwauliza anwani unaambulia NullPointerException. Wala nisingejua kwamba ukiiwasha programu kwa -verbose:class, au -Xlog:class+load kuanzia Java 9, kila klasi inayopakiwa hutajwa pamoja na ilikotoka, bila wewe kugusa mstari hata mmoja wa msimbo.

Wanasema ya kale ni dhahabu. Dhahabu yangu niliifuta saa saba usiku, nikaiwasha seva upya, kosa likatoweka. Nawe, ndugu msomaji, metodi unayoiona kwa macho ikikanwa na programu, usiusome msimbo mara ya kumi. Iulize klasi kwao ni wapi.