Stanford, MIT, Berkeley au Carnegie Mellon? Tuhesabu Kutoka Tano Hadi Moja

Umekubaliwa na vyuo vinne vya Marekani kusomea uzamivu wa sayansi ya kompyuta, na bado unasema hulali? Hongera kwanza! Haya hapa mambo matano ya kupima, kuanzia lenye uzito mdogo.

5. Jina
Majina yote manne ni mazito, kwa hiyo hayakusaidii kuchagua. Idara za Stanford na Carnegie Mellon zote zilianza 1965. MIT ina CSAIL, maabara ya sayansi ya kompyuta na akili bandia iliyoundwa 2003 kwa kuunganisha maabara mbili kubwa. RISC-V, seti huria ya maagizo ya prosesa, ilianzia Berkeley mwaka 2010. Shangazi yako ataringa harusini kwa lolote kati ya hayo. Mwachie yeye jina. Wewe twende mbele.

4. Mji na mfuko
Kwa kawaida vyuo hivi humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na kumpa posho, naye hufundisha au hufanya utafiti. Usilinganishe posho kwa posho: toa kodi ya nyumba kwanza. Palo Alto (Stanford), Berkeley na Cambridge (MIT) zinaimeza posho, Pittsburgh (Carnegie Mellon) inakubakizia. Unaogopa baridi ya huko? Koti hununuliwa mara moja, kodi hulipwa kila mwezi.

3. Mlango wa kuingilia
Stanford hukupa mwaka wa kwanza kufanya kazi na maprofesa mbalimbali kabla ya kutulia na mmoja. Hujajua unachotaka? Hapo patakufaa. Carnegie Mellon ina milango mingi: roboti, ujifunzaji wa mashine na teknolojia ya lugha, kila mmoja na uzamivu wake. Unataka kuifundisha kompyuta Kiswahili? Hakikisha barua yako ya kukubaliwa haikupeleki kwenye roboti!

2. Waliokutangulia
Siku ya wageni, chuo kinapowaalika waliokubaliwa, maprofesa wote hutabasamu. Wewe mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne, mkae pembeni. Mnaonana na msimamizi mara ngapi? Makala ikikataliwa, anasemaje? Waliomaliza wako wapi? Akijibu papo hapo, andika. Akitazama mlango kwanza, andika pia.

1. Msimamizi
Huyu ndiye utakayekuwa naye miaka mitano au sita, na ndiye uzito wote. Mtazame Matei Zaharia: alianza Spark, mfumo wa kuchakata data nyingi, mwaka 2009 akiwa mwanafunzi Berkeley, chini ya Ion Stoica na Scott Shenker. Watafiti wa ujifunzaji wa mashine waliokuwa karibu naye walichoshwa na Hadoop, mfumo uliotangulia, maana kila mzunguko wa hesabu ulisoma data upya kutoka diski. Yeye akaiweka data kwenye kumbukumbu. Tatizo lilimfikia kwa kukaa na watu sahihi, na wasimamizi wakampa nafasi ya kulishughulikia. Basi tafuta mtu wa namna hiyo, na hakikisha yupo wa pili unayeweza kufanya naye kazi hapo hapo, kwa sababu maprofesa huhama na kampuni huwavuta.

Tarehe ya kukumbuka ni 15 Aprili, siku ya mwisho ambayo vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwa majibu ya ufadhili. Ukiamua mapema, usikalie zile ofa tatu nyingine. Zikatae kwa heshima siku hiyo hiyo uliyoamua, maana yuko mwenzako kwenye orodha ya kusubiri ambaye nafasi yake umeishika wewe.