Damu ya Mzee au Bluu Bahari

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, wakalisifu na jahazi tangu mkuku hadi foromali, lakini kikao cha kuchagua rangi hakijapata wa kukisifu. Ni dhuluma. Kutoka Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini hakuna shughuli inayothubutu kuanza, iwe harusi, mashindano ya ngalawa, uzinduzi wa zahanati au mradi wa kisima, kabla watu wazima hawajaketi kwenye viti vya plastiki wakaamua fulana ziwe za damu ya mzee au za bluu bahari, nembo ikae kifuani au mgongoni, na maandishi ya bango yapinde au yanyooke. Kikao hiki kinalaumiwa kwamba kinakula muda. Wanaokilaumu hawajakielewa, na heshima yake inadai mtetezi mwenye hoja na ushahidi, hata kama mtetezi mwenyewe hutoka humo na maumivu ya mgongo.

Fadhila yake kuu ni usawa, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hakuna mahali pengine inapopatikana kwa wingi namna hiyo. Mambo mengine ya dunia yametutenga kwa elimu. Mpima maji anajua kina cha kisima, mhasibu anajua salio, nahodha anajua mkondo kati ya Masoko na Kisiwani, na sisi wengine tunanyamaza tukisubiri kuambiwa. Rangi haina mtaalamu. Profesa aliyekuja likizo na mchuuzi wa pweza wana kura moja kila mmoja, na aliyechelewa kufika anaruhusiwa kuurudisha mjadala mwanzo, haki ambayo hata Bunge la Dodoma halimpi mbunge wake. Hakuna anayeulizwa cheti. Mtu ambaye mwaka mzima hajasema neno juu ya dawa zilizokwisha zahanati husimama, akarekebisha koti lake, akaeleza kwa utulivu wa kadhi kwamba njano ya limau na njano ya embe dodo ni vitu viwili, na kwamba mwaka juzi vilichanganywa na aibu ikawapata wote. Anasikilizwa. Anaandikwa kwenye muhtasari. Anayempinga huanza kwa kumshukuru. Wagiriki wa kale wanasifiwa kwa demokrasia, nao waliwaacha nje wanawake na watumwa; kwenye kikao cha fulana hata mtoto aliyetumwa kuleta chai huulizwa anaonaje, na ana maoni.

Mwanahistoria wa Uingereza, C. Northcote Parkinson, aliyagusa haya mwaka 1957 katika kitabu chake juu ya tabia za ofisi. Alibuni kamati inayopitisha kinu cha nyuklia cha pauni milioni 10 kwa dakika mbili na nusu, kwa sababu hakuna mjumbe anayekielewa, kisha ikatumia dakika 45 kubishania banda la baiskeli la pauni 350, kwa sababu banda kila mmoja amewahi kuliona. Parkinson alidhani anakejeli. Hakuwahi kuhudhuria mkutano wa chama cha msingi cha ushirika wakati wa msimu wa korosho au ufuta. Huko makato kwa kila kilo, tarakimu itakayomfuata mkulima kutoka ghalani hadi mnadani na kurudi naye nyumbani, husomwa haraka na kupita kwa makofi. Halafu hufunguliwa ajenda ya sare za Nane Nane pale viwanja vya Ngongo, na waliokuwa wamesinzia huamka wakaomba nafasi ya kuchangia.

Wapo wanaosema rangi ni nyingi, watu wachague moja waondoke. Hawajazihesabu. Kijani na njano ni za CCM, tena ni za Yanga, kwa hiyo zinawafukuza wapinzani na Simba kwa mkupuo mmoja. Nyekundu na nyeupe ni Simba wenyewe. Bluu ikikaa na nyekundu na nyeupe inaleta harufu ya CUF au ya Chadema, na hilo si jambo la mzaha katika wilaya ambayo mwaka 2015 majimbo yake yote mawili, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini, yalikwenda CUF. Bluu peke yake mashabiki wa Azam wanaidai. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Nyeusi inamkumbusha fulani msiba, nyeupe inamkumbusha mwingine sanda, na rangi ya maziwa inapingwa na kila anayejua ni nani atakayezifua. Inabaki damu ya mzee, na damu ya mzee ilitumiwa na kamati ya mtaa wa pili. Wanadiplomasia wametunukiwa nishani kwa maafikiano mepesi kuliko haya.

Fadhila nyingine ni za kutaja tu na kupita. Kikao kinawalisha wachapaji wa mabango. Kinafundisha subira. Kinazaa makundi ya simu ambayo hayafi hata baada ya shughuli kufa. Kinamvika maskini, kwa kuwa fulana ya mradi wa maji uliokwama inamfaa kabisa mtu anayekwenda na ndoo yake kisimani alfajiri.

Mpinzani mwenye kusoma ataleta historia, na tumkaribishe, kwa kuwa kwa kuitazama haraka Kilwa yenyewe iko upande wetu. Masultani wake walitoa sarafu za shaba, nyingine hazizidi kifungo cha koti, zenye jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zikipatana kwa vina. Hazikuwa na tarehe, wala thamani haikuandikwa. Aliyeketi kutafuta kina kwa ajili ya kipande hicho cha shaba ni babu halali wa kamati zetu. Kisha kuna Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14 linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Wanaakiolojia wengi wanaamini kwamba halikukamilika na kwamba halikukaliwa muda mrefu. Ramani kubwa kuliko ujenzi: hapo ndipo kamati zetu zinapojiona nyumbani.

Lakini ushahidi huu unamgeukia anayeutumia. Kabla ya vina vya al-Hasan bin Sulaiman palikuwa na dhahabu ya Sofala, palikuwa na bandari iliyopokea majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi, na palikuwa na mafundi waliojua kuchoma matumbawe yakawa chokaa. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliuona mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akaandika kwamba sultani huyo aliitwa baba wa vipawa kwa wingi wa kutoa kwake. Jina la sifa lilikuja baada ya mkono kufunguka. Hata Husuni Kubwa, kwa kutokamilika kwake kote, ni kuta zinazosimama hadi leo, na hazikuwahi kungojea kamati ichague nembo. Sisi tumegundua kwamba mpangilio unaweza kupinduliwa, kaulimbiu ikatangulia na kutoa kukafuata, au kusifuate, na watu wakapiga makofi vilevile.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo. Nguo si upuuzi, na katika pwani hii lililo baya kabisa lilivaliwa mwilini. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkuu wa misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na kaniki nyeusi ilikuwa vazi lililohusishwa na utumwa na unyonge. Wanawake walipopata uhuru wao na kuanza kuvaa kanga za rangi na maua, ile ilikuwa siasa, ingawa hakuna aliyeisomea risala. Kwa hiyo anayesema rangi haina maana hajui anaposimama. Hilo ninalikubali lote. Ila mwanamke yule alichagua doti yake mwenyewe, kwa fedha yake, kwa sababu alizozijua, akaivaa. Tofauti ya jambo hilo na sare ya harusi ya siku hizi ni kubwa. Kamati inaamua kitenge, inataja bei, inataja siku ya mwisho ya kulipa, na shangazi aliyemlea bwana harusi tangu akinyonya, kwa kuwa bei ya ufuta ilishuka, anakaa nyuma na kanga yake safi ya kila siku, akikwepa picha. Hapo mtetezi analazimika kusema waziwazi kwamba ule usawa wote uliosifiwa hapo juu ulikuwa wa kuchagua tu. Wa kulipa haumo. Na kumfanya mama mtu mzima ajione mgeni katika harusi ya mwanawe kwa sababu ya aina ya zambarau ni ukatili, hata ukipitishwa kwa kura.

Tukishafika hapo inafaa kuuliza usawa huu unatolewa na nani, na kwa nini unatolewa kwenye rangi peke yake. Mradi wa gesi itakayogeuzwa kuwa kimiminika, unaokusudiwa kujengwa Likong'o, karibu na mji wa Lindi, umezungumzwa katika awamu za marais watatu, Kikwete, Magufuli na Samia. Mwaka 2022 serikali ikatia saini makubaliano ya awali na kampuni za kigeni. Wakazi waliopisha ardhi yao walisubiri fidia kwa miaka. Fungu la taifa, kodi, muda wa mkataba, nani atabeba hasara bei ikianguka: hayo yako mezani mwa wachache, na sababu inayotolewa ni kwamba ni ya kitaalamu. Sawa, ni ya kitaalamu. Lakini ukishuka hadi kwenye mradi wa choo cha shule utakuta mpangilio uleule kwa udogo wake. Bajeti imefika imeshaandikwa, mkandarasi ameshachaguliwa, na kile kinachoachiwa wananchi ili ripoti iweze kusema walishirikishwa ni rangi ya ukuta na maneno ya bango. Wanapewa uhuru wote palipo na thamani ndogo, nao wanautumia wote, maana ndio walio nao. Aliyezungumza kwa saa nzima kuhusu njano ya embe dodo hakuwa mpumbavu. Lilikuwa swali pekee aliloulizwa.

Mtu wa ofisi atajibu kwamba nembo na bango vinaleta wageni na wafadhili, na bila mwonekano hakuna anayekuamini. Kuna ukweli kidogo, lakini tazama Kilwa Kisiwani. Magofu yake na ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakahamishiwa orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 kwa kuwa bahari ilikuwa inakula ufuko na kuta zilikuwa zinaanguka, yakatolewa huko mwaka 2014. Katikati ya miaka hiyo mafundi wa hapohapo walichoma chokaa, kuta zikaegemezwa na kuzibwa, mikoko ikapandwa kukinga ufuko. Kamati ya Urithi wa Dunia, ambayo nayo ni kamati, ilitaka kujua hali ya mawe. Na waliong'oa pamba ya Mjerumani pale Nandete, Julai 1905, walianzisha vita vilivyotikisa kusini yote bila fulana.

Sipendekezi kikao kifutwe. Binadamu lazima akae na wenzake. Napendekeza ajenda ya rangi ishushwe hadi mwisho, baada ya taarifa ya fedha kusomwa kwa sauti, na kila mwenye hoja ya nembo kwanza aulize swali moja kuhusu hesabu, lijibiwe, ndipo aruhusiwe kusema ya kwake. Wanaosinzia waamshwe mapema. Pingamizi lililobaki nalijua, na ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia: huenda kikao cha namna hiyo kikaisha kabla chai haijaletwa, na hapo hakuna mhasibu atakayejua aandike nini kwenye hati ya posho.