Kwako Bwana Shamba wa Kata Yetu

Kwako Bwana Shamba,

Naandika kwa kifupi, nikijua muda wako ni mchache. Wewe mwenyewe ulitwambia hivyo ukiaga kabla uji haujapoa.

Bila shaka unalikumbuka lile biwi la mboji nyuma ya zizi. Ulifundisha vizuri, sikufichi. Mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa chini, juu yake majani mabichi, samadi, majivu kidogo, maji. Kisha tena vivyo hivyo hadi usawa wa kifua. Ukachomeka mti katikati: tukiuchomoa ukawa wa moto, mboji inaiva. Ukaahidi kurudi baada ya majuma matatu utuonyeshe kugeuza. Tuliuchomoa, na kweli ulichoma viganja. Juma la tano ulikuwa baridi kama jiwe. Leo ni kigingi cha mbuzi.

Hatulalamiki. Mwaka 2022 serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki ili mtufikie, na yako tunaiona siku za gulio. Unaitunza sana, tope la mashambani halijaigusa.

Mbele ya wazee ulisema tukichoma mabua tunachoma mali. Neno zito, tulilipokea. Ila huku Tarime, mahindi yakishavunwa, mabua huwa ya wote: ng'ombe wa jirani huingia bila hodi, na yanayosalia wanawake huwashia moto. Mzee mmoja alikuuliza: tukiyarundika yote, ng'ombe wale nini wakati wa kiangazi? Ukaliandika swali hilo daftarini, ukasema utalifikisha wilayani. Naamini lingali safarini, kwa miguu.

Kuhusu gugu la kiduha, niwie radhi nikirefusha. Ulituagiza kila kinachong'olewa shambani kiingie kwenye biwi. Tukatii, tukatia na kiduha chenye maua yake mazuri ya waridi. Mbegu zake ni kama vumbi, na hukaa ardhini miaka kumi na zaidi zikingoja. Moto wa biwi huwa katikati. Za pembeni haziungui mpaka mtu ageuze, na mgeuzaji, kama ujuavyo, tulikuwa tukimsubiri. Mboji tuliimwaga kwenye ulezi. Ulezi umedumaa, kiduha kimechanua. Wapita njia husifia.

Ukipata nafasi karibu tena. Mti wako upo, mbuzi tutamhamisha.

Wako mtiifu,
Mkulima wa mfano (uliniandika hivyo kwenye ripoti)